Wageni Wamenikuta kwenye Miguu ya Chuma

Kaka Kasmir,

Rangi ya dari haijakauka, usiiguse. Chai iko kwenye chupa. Nimeenda kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani kushonesha mkanda wa ile miguu yako ya chuma unayovaa kufikia dari ukipaka rangi. Tumeukata.

Wageni wa posa wamekuja asubuhi badala ya jioni. Nilikuwa nimeivaa hiyo miguu nikipaka dari, mkanda ukagoma kufunguka. Nikawaamkia shikamoo kutoka huko juu. Mzee wao akainua shingo, akaitikia, akasema, “Tuliambiwa binti ni mfupi.” Nilitaka kujificha, lakini kwa urefu ule nijifiche wapi? Aaron, huyo anayeniposa, aliishika miguu nisianguke mpaka jirani akaleta kisu. Hakucheka.

~~Wakirudi jioni sema sipo.~~

Wakirudi sema nimekubali. Nitakuwa jikoni, msiniite.

Mdogo wako,
Mektilda