Mfungwa wa Kumi na Tisa

Jumatatu, 2 mwezi wa tatu 1964
Mafaili kumi na moja leo. Tisa nimemaliza mimi. Mawili Gaspard, na katika hayo mawili nimesahihisha moja. Gaspard njo grefie sasa, mwandishi mkuu wa tribinali. Ana diploma ya mjini. Mimi nimeshika hii grefe tangu Mubelgiji alipokwenda kwao, miaka karibu ine, bila hata barua moja ya cheo. Niliingia humu kufagia. Nilijifunza kuandika kwa kusoma karatasi walizonipa kuchoma. Leo namfundisha mkubwa wangu kuhesabu.

Hesabu yenyewe: Ndoole, mulimaji wa Buleusa. Alimpiga kapita, msimamizi wa kazi ya barabara, na mpini wa jembe. Siku sitini. Gaspard alianzia siku ya hukumu, 8 mwezi wa pili, akaandika atatoka 7 mwezi wa ine. Lakini muntu alikamatwa 22 mwezi wa kwanza. Siku kumi na saba alizongoja hukumu ni zake. Atatoka tarehe 21 mwezi huu. Nimefuta, nimeandika upya.

Gaspard akacheka. "Papa, siku kumi na saba ni nini kwa mulimaji?"
"Panda boloko, kwa wafungwa, ulale mule siku moja tu, utanijibu."

Hakupanda.

Alhamisi, 5
Bibi ya Ndoole amekuja, Mama Sifa. Siku mbili kwa miguu, kapo ya ndizi na maharagi kichwani. Nilimwambia tarehe 21. Hana kazi na tarehe. Akahesabu kwa vidole, soko moja kila juma: "Posho hii, posho ile, kiisha posho ingine. Njo siku yenyewe?" Njo siku yenyewe. Alinishukuru kama vile nimemfungua mimi. Sikukataa shukrani. Hapa hazipatikani nyingi.

Jumamosi, 7
Wafungwa watatu wapya. Rejista ina mahali pawili pa alama ya kidole: siku ya kuingia na siku ya kutoka. Boloko iko juu ya kilima, mwendo wa dakika arobaini, na muntu akifunguliwa hashuki tena kwetu kutia kidole. Anakimbia kwake. Zamani Mubelgiji alituma polisi wawafuate na tampo mkononi. Mimi sina polisi, na tampo iko moja, wino wake nauongeza na maji. Kwa hiyo tangu 1961 natia vidole vyote viwili siku ileile ya kuingia. Siku ya kutoka naandika tarehe tu, naweka sahihi. Mwendo umeisha. Rejista yangu haina shimo hata moja. Gaspard ameona, amesema ni akili. Kwa mara ya kwanza amenisifu.

Alhamisi, 12
Kamyo mbili za wasoda, askari wa jeshi, zimepita asubuhi. Mbele ya daraja zimezama katika matope. Wamemwomba Komisere, mkubwa wa polisi na boloko, watu wa kubeba mizigo kwenda upande wa Walikale. Komisere amewapa wafungwa sita. Nimewaona kwa dirisha wakipita na masanduku kichwani. Wa ine alikuwa Ndoole.

Hakuna karatasi iliyoletwa. Nilimuuliza Gaspard tuandike nini. "Tusiandike kitu. Watarudi."

Sikuandika. Sipendi.

Jumatatu, 16
Gaspard amekwenda Goma. Meno. Jana alikuwa anatafuna muhindi wa kuchoma mbele ya kanisa, meno yote kazini. Ameniachia funguo, stampu na karatasi: "Papa atashika nafasi ya grefie mpaka nirudi." Kwa cheo sikutosha. Kwa woga ninatosha.

Barabarani watu wanasema mambo ya vita. Kule Mushaki wafugaji wanashusha ng'ombe. Mimi nasikia, nafunga dirisha, nahesabu mafaili.

Alhamisi, 19
Wabebaji wamerudi. Watano.

Nilipanda mwenyewe boloko kuhesabu. Rejista: kumi na tisa. Ndani: kumi na nane, Ndoole hayumo. Nilihesabu mara tatu, na muntu ambaye hesabu yake haikosi hana haja ya mara tatu. Mmoja wa wale watano, mabega yamechubuka, alisema bila kuniangalia: "Walimubakiza." Nani? Wapi? "Mbele." Gardien, mulinzi wa boloko, akagonga ukuta na fimbo.

Nimeshuka.

Jumamosi, 21
Mama Sifa alikuwa kwenye ngazi ya grefe kabla yangu. Amefua shati ya mume wake, ameikunja vizuri. Nilimwambia asubiri kidogo. Uongo wa kwanza.

Nikaenda kwa Komisere. Hakukasirika. Hilo njo liliniogopesha. Alisema Ndoole amefunguliwa leo asubuhi mapema, amekwenda kwake, labda wamepishana njiani na bibi. Njia ya Buleusa iko moja. Muntu na bibi yake hawawezi kupishana mule bila kugusana mabega.

Nikarudi. Nikamwambia mama hatujui bado. Hakulia. Akauliza: "Papa Grefie, si weye ulisema posho ya tatu?"

Ni mimi.

Amelala kwa masista, kwenye misioni.

Jumatatu, 23
Komisere amekuja mwenyewe. Akakaa juu ya meza yangu, juu ya mafaili, akafungua rejista bila kuomba. Akapata mustari wa Ndoole. Akacheka sana.

"Papa Grefie! Kumbe weye ni fundi. Kidole cha kutoka kiko tayari! Muntu ametoka, ametia kidole. Tarehe tu njo imekosa."
Nikasema tarehe naandika mimi.
"Si njo nakuambia? Andika. Ishirini na moja. Mbili na moja. Ao nikuletee mwalimu?"

Nikasema nitaangalia faili kwanza. Akashuka mezani taratibu, akanipangusa bega kama kuna vumbi.

"Angalia. Lakini hesabu yako nimeisikia. Rejista kumi na tisa, ndani kumi na nane. Boloko haipendi nafasi wazi, Papa. Tunaweza kutafuta wa kumi na tisa hata hapa chini."

Amekwenda. Nimekaa bila kazi saa nzima.

Nimeelewa sasa. Tarehe 21 ikiandikwa, Ndoole si wa serikali tena. Ni muntu huru aliyepotea njiani kwake, na njiani wanapotea wengi. Hakuna atakayewauliza wasoda. Mahali pa tarehe pakibaki wazi, serikali inadaiwa bado: mulichukua muntu, mulimpa nani, yuko wapi. Kile kidole alikitia mwenyewe, nikamshikia mkono mimi. Nilimwambia: "Na huku pia." Akatia. Hakuuliza sababu.

Jumatano, 25
Mapolisi wawili wamefika kwangu mchana, mimi nikiwa kazini. Hawakuingia. Waliomba maji, wakanywa, wakamuuliza bibi yangu ana watoto wangapi. Akajibu watano. Wakamwomba awaite wote, wawaone. Akawaita. Wakawahesabu kwa sauti, moja mpaka tano, wakasema asante Mama, wakaenda.

Bibi yangu ananiuliza nimefanya nini. Sijafanya kitu. Njo shida yenyewe.

Naogopa. Naandika hivi ili neno liwe mahali fulani. Naogopa mlio wa kiatu nje. Naogopa nikisikia jina langu. Leo mulinzi wa tribinali aliniita anipe chai, nikamwaga wino.

Ijumaa, 27. Ijumaa Kuu
Tribinali imefungwa. Nimekwenda grefe peke yangu. Nimefungua mustari wa Ndoole. Kwa kalamu ya risasi nimeandika 2. Nimeacha hapo.

Nikahesabu upande wangu. Watoto watano. Bibi. Miaka kumi na sita ya kazi. Upande wake: muntu mmoja, labda amekwisha kufa. Kwa hesabu ya kawaida jibu ni rahisi, andika 1 umalize. Niliweka kalamu kando ya 2 kabisa, tayari.

Kiisha nikawaza: alihukumiwa siku sitini. Hakuna jaji aliyemhukumu sitini na moja. Nilimpigania siku kumi na saba zake mbele ya Gaspard, nikajisifu. Sasa nampa Komisere zilizobaki zote?

Nimefuta 2. Alama imebaki kidogo kwenye karatasi.

Njia ya Musalaba nimeikosa. Bibi yangu amenikasirikia.

Jumanne, 31
Leo njo siku ya hesabu ya mwezi kwa wakubwa wa Goma: wangapi wameingia, wangapi wametoka, wangapi wanabaki. Nimeandika: wanabaki kumi na tisa. Pembeni nimeandika: "Kati yao mmoja, Ndoole, alitolewa tarehe 12 kubeba mizigo ya wasoda, kwa amri ya Komisere, bila karatasi. Hajarudi."

Chini yake nimeongeza lile lililonichukua asubuhi yote. Kwamba vidole vya kutoka katika rejista hii si ushahidi wa kutoka. Kwamba tangu 1961 mimi njo nilivitia siku ya kuingia. Vyote. Nimevihesabu: mia mbili na tatu. Sahihi. Stampu.

Ile rejista isiyo na shimo, nimeitoboa mwenyewe.

Barua sikuitia posta, posta iko karibu sana na polisi. Nimempa Papa Kambale, mwenye duka na kamyo, muntu wa Butembo, anashuka Goma kesho kutafuta chumvi. Alipima bahasha mkononi. "Hii itanifungisha?" Nikamwambia labda. Akaitia ndani ya kitabu chake cha sala. "Basi isafiri na watakatifu. Wao wamekwisha kufungwa mbele yetu."

Jumatano, 1 mwezi wa ine
Nimemwita Mama Sifa grefe. Nimemwambia yote: masanduku, tarehe 12, watano waliorudi, vidole viwili. Sikutafuta maneno mazuri. Nilipofika kwenye vidole akanikatiza. Akasema, "Mulikuwa muna haraka gani?"

Nimempa kopi ya mustari wa rejista, na stampu: Ndoole wa Buleusa, mufungwa wa serikali, alikabidhiwa kwa wasoda tarehe 12 kwenda upande wa Walikale, anatafutwa. Aliomba nimsomee mara mbili. Ameifunga katika pindo la kitenge, pamoja na shati.

Jumatatu, 6
Hakuna kitu. Polisi mmoja anakaa mbele ya grefe kutwa, anachonga kijiti. Hasalimii. Bibi yangu na watoto wako misioni kwa masista. Nakula mikate mikavu. Nasikia kila kamyo.

Alhamisi, 9
Barua kutoka Goma imefika, Gaspard njo ameileta, meno yake mazima. Ukurasa mmoja. Mistari kumi na nne juu ya vidole: kosa kubwa, uzembe, aibu kwa kazi. Nahamishwa Walikale, komi, karani wa daraja la pili, kuanzia 15. Mistari miwili juu ya Ndoole: Komisere aeleze kwa maandishi muntu yuko wapi.

Kumi na nne kwangu, miwili kwake. Nimeisoma tena na tena. Ile miwili iko pale. Nafasi ya tarehe imebaki wazi, na sasa mkubwa mmoja anajua kwamba iko wazi.

Komisere amenipita barabarani. Hakuniangalia. Gaspard mwenyewe alinifungia kartoni yangu, kwa kamba nzuri. Alisema chini chini, "Papa, mimi ningeandika 21." Najua. Walimpa cheo wakijua pia.

Jumatatu, 13
Njiani, ndani ya kamyo ya Papa Kambale. Mimi, kartoni, magunia ya chumvi, Mama Sifa. Bibi yangu na watoto watanifuata nikipata nyumba. Mama Sifa amesema anafuata karatasi yake kule karatasi inakosema. Sikuwa na haki ya kumkataza.

Barrière ya kwanza ya wasoda, mti umefunga barabara, walitufukuza twende mbele bila kusoma. Ya pili hakuna aliyejua kusoma. Kila mara Mama Sifa anashuka peke yake, anafungua pindo, anatoa kopi kwa mikono miwili. Mimi nabaki juu. Siyo uongo: nabaki juu.

Ya tatu, saa kumi. Ajida mmoja, mkubwa wa wasoda pale, mzee kidogo, amevaa miwani imefungwa na uzi. Alisoma. Akasoma stampu pia. Akaita mwingine, wakasema maneno. Nilijua sasa wataichana. Akageuza karatasi, akaandika nyuma yake juu ya goti, akamrudishia.

Amepanda. Akanipa nisome.

"Alipita hapa na mizigo, mguu umevimba, muzima. 22 mwezi wa tatu."

Ishirini na mbili. Siku moja baada ya tarehe waliyotaka niandike.

Nimemsomea mara mbili. Amekunja karatasi, ameirudisha katika pindo. Papa Kambale amewasha kamyo. Mvua kidogo. Tunakwenda mbele.