Sombe Yenye Haikuwa na Karanga

Mujukuu wangu Odile,

Salamu toka Lubumbashi. Kambo mwanaume, babu yako, anakohoa kidogo na mavumbi ya kiangazi, lakini iko muzima, na dada yako amezaa mutoto mwanamuke.

Umeniuliza ufanye nini na mambo ya labo yenu, ile maabara ya dawa kule Ubelgiji. Ndani ya ile dawa ya kupima alerji ya vumbi la maua, mashini yenye kupima uzito wa protini imeona karanga kidogo sana. Shefu wako wa kazi anasema si kitu, utie sahihi, dawa itoke.

Nikuelezee mambo ya mudogo wangu Béa. Karanga zilikuwa zinamufunga pumzi tangu utoto. Ku ndoa moja ya Kipushi, tantine yetu, shangazi, alimupikia sombe yake ya majani ya muhogo pembeni, bila karanga, mu chungu safi. Béa alikula kidogo, akaweka kijiko chini, akageuka.

"Nani ananishika shingo?"

Nyuma yake hakukuwa muntu. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya muntu mwengine, na midomo ikavimba tukiangalia. Bantu baliacha sahani, bakakimbia inje.

Munganga wa hospitali alimuponyesha. Lakini bantu balisema tantine ni mulozi, amemuloga Béa, na hakuna mwenye alikula tena kwake mpaka tantine alikufa. Tulichelewa kujua: mwiko wa kukorogea ulipita kwanza mu sombe ya wageni, yenye karanga, kisha ukaingia mu chungu ya Béa.

Odile, mimi singetia sahihi. Bakikufukuza, rudi, kitanda chako tumekitandika.

Kambo wako,
Philomène