Sauti Iliyokatika Mwanjelwa

Mbeya,
Jumatano asubuhi.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Kamwene. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lako liwe limepoa baada ya baridi ya mwezi huu. Mahindi ya kule bondeni mmeshavuna? Na Bibi bado anagoma kula ugali wa sembe? Mimi nakula na kulala, usiogope. Lakini mwilini si pote pazima, na ndiyo sababu naandika.

Unanipigia simu wiki ya tatu sasa, sipokei. Juzi ulimwambia dada Rehema kwamba nimepata kiburi cha mjini. Si kiburi, Mama. Sina sauti. Nikifungua mdomo inatoka hewa tu, kama tairi lililotoboka. Nilimkataza Rehema asikwambie, nilitaka ulisikie kwangu. Simu yako ile ndogo inakata ujumbe mrefu vipande vipande, basi nimeona nikuandikie, nimpe kondakta wa basi la Iringa.

Unajua naimba kwenye bendi, na unajua ni muziki ule unaouita wa kelele, hevi metali. Tuko watatu. Ayubu, fundi wa kuchomelea mageti, anapiga gitaa. Sudi, mtoto wa mzee muuza vitenge hapa Mwanjelwa, anapiga dramu. Kuimba ni mimi. Mazoezi tunafanya Jumapili mchana kwenye karakana ya Ayubu, maana hakuna ukumbi unaotutaka. Gitaa likianza kukwaruza na mimi nikianza kunguruma, watu wanasema tuna mapepo. Mwenye baa mmoja alituzimia umeme katikati ya wimbo wa pili, akasema, "Jamani, hapa watu wamekuja kula nyama." Spika tunazoazima ni mbovu, siisikii sauti yangu mwenyewe, kwa hiyo nazidi kuikaza. Miaka minne nimeikaza hivyo.

Mwanzoni mwa mwezi tulipata nafasi kwenye tamasha la vijana, siku mbili mfululizo. Nilikuwa na mafua. Mama yake Sudi alinichemshia tangawizi, akaniambia, "Binti yangu, pumzika. Muziki haukimbii." Sikumsikiliza. Siku ya pili, wimbo wa tatu, nikahisi kitu kinachanika kooni, kisha ladha ya damu. Nikafungua mdomo kwa ubeti unaofuata. Kimya. Ayubu alidhani maikrofoni imekufa, akaniletea nyingine. Nikamtikisia kichwa.

Hospitali daktari aliniingizia kamera nyembamba puani mpaka kooni.

"Unaimba?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa.

"Kwaya au bendi?"

Nikamwandikia kwenye karatasi: kote.

Akasema, "Una uvimbe kwenye nyuzi za sauti, na uzi mmoja umevuja damu. Tutakupasua. Sauti ya kuongea itarudi, nina imani. Ya kuimba siwezi kukuahidi."

Pasaka uliniambia, "Sauti hiyo hukuinunua dukani, Anitha." Nikakujibu vibaya mbele ya wanakwaya wenzako. Nisamehe kwa jibu lile. Kwa muziki wenyewe sijui niseme nini, maana nikijipima sijui kama najuta.

Hujawahi kuniuliza kwa nini niliupenda. Lori la Baba lilipoanguka kwenye mteremko wa Kitonga na mbao zake za Mafinga, nilikuwa na miaka kumi. Siku ya mazishi ulinishika mkono ukaniambia, "Nyamaza, wageni wanatuangalia." Nikanyamaza. Sikulaumu, Mama, nawe ulikuwa unajishikilia usianguke. Lakini kilio kile kilinibakia. Siku Ayubu aliponisikilizisha kwenye simu yake mtu anayenguruma, nikajua pa kukipeleka. Tuna wimbo mmoja unaoitwa Mbao, ambao watu wameukimbia kuliko nyimbo zetu zote. Ni wa Baba. Unasema: Baba, mlango uko wazi, mbona huingii?

Wiki iliyopita Ayubu alikuja pale dukani ninapowachapia watu barua na fomu. Akasimama mlangoni anazungusha kofia mkononi.

"Anitha, kuna jamaa wa Uyole anaweza kunguruma. Tumeitwa tena Jumamosi. Tukikataa, hawatatuita." Akaikunja kofia. "Nataka tupige na ule wimbo wa Mbao."

Nikamwandikia: mfundisheni. Maneno nikayachapa mwenyewe, kwa herufi kubwa, asikosee.

Jumamosi nikaenda, nikasimama kando ya jenereta. Yule kijana aliimba vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Alipofika kwenye yale maneno ya mlango, hakuna aliyecheka wala aliyeondoka. Wanawake wa mahindi ya kuchoma waliacha kupepea moto wakamtazama. Alipomaliza, makofi. Miaka minne nimeyangoja makofi hayo, Mama, yakaenda kwa mtu ambaye hakumjua Baba hata kwa sura. Nililia, na kilio chenyewe hakikutoa sauti. Sudi akaacha dramu zake akaja kukaa karibu nami. Nikamshukuru moyoni.

Upasuaji ni Jumatatu. Mama yake Sudi atanipeleka, na baada ya hapo nitakaa kimya wiki kadhaa, hata kunong'ona nimekatazwa. Sitaki uje kwa ajili ya kuniuguza, wapo watu. Nataka uje kwa sababu wewe ni mama yangu na ninaogopa. Ila usiniambie kwamba ulinionya. Hilo najiambia mwenyewe kila asubuhi.

Msalimie Bibi, umwambie namwombea meno. Msalimie dada Rehema na mwanawe, na Mjomba seremala wa Mafinga akija. Mwalimu wa kwaya mpe heshima zangu, na umwambie Krismasi asiniwekee nafasi kwenye alto. Joho langu limo sandukuni huko nyumbani, chini ya kitanda. Mpe yule binti wa Mama Mdogo, ana sauti nzuri. Mwambie alipinde chini, mimi ni mrefu kuliko yeye.

Nakukumbatia kutoka huku kwenye baridi,
mwanao wa pili,
Anitha