Jina la Mbwa Wetu

Jumatatu, 8 Julai 1996

Falis wa mlango wa pili amekuja tena. Mbwa wetu amelia mchana kutwa, mtoto wake hajalala. Nimeomba msamaha mpaka nimechoka. Nifanyeje? Mimi niko ofisini, Mbinya yuko shule, baba yake Kisilu na lori lake wako njia ya Kampala. Mbwa mkubwa vile, ua wenyewe mdogo — ameshaanza kutafuna mlango wa jikoni!

Kumtoa siwezi. Tangu wale wezi walipoingia Aprili, mimi na Mbinya tumejibana uvunguni mwa kitanda tukisikia wakivunja kabati, usingizi wangu ni huyu mbwa.

Falis anasema kuna mtu wa kwao, Shiundu, kazi yake ni kutembeza mbwa. Kutembeza! Na analipwa! Nilicheka. Sasa nimelala macho wazi nikifikiria.

Jumatano, 10 Julai

Shiundu kaja jioni. Nilidhani atachukua mbwa aende zake. Wapi! Kwanza maswali: anakula saa ngapi, amechanjwa, ameshawahi kuuma mtu, anaogopa nini. Alitembeza mbwa wa matajiri wa Lavington miaka mingi, wenyewe wakahama nchi. Akakaa chini kwenye simenti, akampa mbwa mgongo, akangoja tu. Mbwa akanusa, akanusa, mwisho akalaza kidevu begani kwake. Niliona wivu kidogo.

Kisha akauliza jina.

Kisilu aliniapisha: jina la mbwa ni la watu wa nyumba hii tu. Mwizi akilijua ataliita akiwa nje ya geti, na mbwa atamtikisia mkia. Wageni wakija tunamwita "wewe". Hata humu siliandiki.

Nikasema: Simba. Kila mbwa wa Nairobi ni Simba.

Akaita. Mbwa hata sikio hakuinua. Nikasema ana kiburi. Mungu anisamehe.

Jumatatu, 15 Julai

Siku ya kwanza Shiundu kuwa na ufunguo wa geti. Ofisini nimechapa barua moja mara tatu, bosi akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa naona kabati letu tupu.

Nimefika nyumbani: kabati limejaa! Mlango haujatafunwa. Mbwa amelala kwa raha zake. Falis anasema walifika mpaka mtaa wa Mowlem na kurudi. Shiundu kaacha maneno: mbwa ni mtulivu, ila hasikii jina lake. Eti nimsaidie kumzoesha.

Ufunguo nimempa. Na jina pia?

Alhamisi, 18 Julai

Falis ameniletea mboga. Mtoto analala mchana siku hizi. Falis anasema mbwa humngoja Shiundu pale getini, pua kwenye upenyo.

Kesho nitamwambia Shiundu jina. Ama ningoje Kisilu arudi, aseme mwenyewe. Sijui. Namwamini Shiundu — karibu namwamini.

Ijumaa, 19 Julai



Nimetoka kazini nikamkuta Falis amesimama nje, kanga mkononi. Mbwa kapotea! Lori moja lilipasua tairi karibu na soko la Mowlem, mbwa akashtuka, akaruka, kola ikakatika, akatokomea. Shiundu anamtafuta tangu saa nane.

Nilikimbia na viatu vya ofisi. Nilimkuta Shiundu matope mpaka magotini, sauti imekauka. "Simba! Simba!" Mbwa wa watu wametoka kila upande, wetu hayumo. Vijana wanacheka: "Mathe, hiyo dogi yako ni kiziwi ama?"

Kumbe alikuwa nyuma ya yadi ya mbao, amejibanza kwenye mabati, meno nje. Watu wakaanza kusema ana kichaa. Mawe yakaokotwa. Shiundu alisimama katikati, mikono wazi, akiwasihi: msirushe, huyu atanisikia, ngojeni tu. Akaita tena lile jina langu la uongo.

Lile lingine lilikuwa mdomoni mwangu. Nikazitazama zile nyuso. Nani kati yao alikuwa nyumbani kwangu Aprili? Nikanyamaza — nilinyamaza kweli! Jiwe la kwanza likamkosa mbwa, likampata Shiundu begani.

Ndipo nikapiga kelele. Bosco! Bosco, njoo!

Alikuja mbio, karibu aniangushe. Mowlem nzima imesikia.

Shiundu alinitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo limeniuma. Alisema, "Mama Mbinya, si ungeniambia tu." Akaweka ufunguo kwenye kiganja changu, akaenda zake ameshika bega.

Jumapili, 21 Julai

Sikwenda kanisani. Nyumba niiache na nani? Watoto wanapita wakiita "Bosco! Bosco!" na jibwa zima linawatikisia mkia. Kisilu atasemaje?

Jana nilimtuma Falis kwa Shiundu. Nimekiri kosa, namwomba arudi. Falis anasema alisikiliza mpaka mwisho, hakusema ndiyo wala hapana.

Alasiri. Kuna mtu getini sasa hivi. Hajabisha. Ameita "Bosco", polepole, kama mtu wa nyumbani. Ameita tena. Mbwa hajabweka — nasikia mkia wake ukigonga bati.

Sauti imekauka kidogo. Ni ya Shiundu? Au nataka tu iwe yake? Nimeuliza "Nani?" kutoka dirishani, lakini kwa sauti ndogo ya woga, sidhani imefika.

Mbinya ananitazama. Anasema, mama, mbona hufungui?