Mahali Ambapo Huambiwi Ucheke

Jumamosi, Julai. Jioni, baridi.

Leo jua halijatoka kabisa. Tangu asubuhi mawingu yamekaa juu ya Konza kama watu waliolipwa kukaa, na upepo wa huku hauna adabu, unaingia hata pale ulipofunga zipu. Manyunyu ya wiki nzima yamelowesha kuni zote, kwa hivyo jikoni ni moshi na machozi. Tumeshakula. Baba ametoka kuangalia mbuzi, nami nimebaki hapa karibu na meko na simu yangu.

Ninyi wawili watatu mnaosoma hapa (nawaona kwenye hesabu ya wageni, na najua mmoja wenu ni mimi mwenyewe nikirudi kuangalia kama kuna aliyekuja), leo nitaandika jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Nataka kuingia jeshini.

Hilo lenyewe si siri. Kila mtu huku ameniona nikikimbia barabara ya vumbi kila asubuhi, mbwa wa watu wakinifuata nyuma. Alhamisi makurutu wanaandikwa uwanjani Machakos na nitakuwa hapo. Siri ni kwa nini. Padre aliponiuliza nilimwambia nataka kuitumikia nchi. Chifu aliponiuliza nilimwambia hivyo hivyo, tena nikasimama wima.

Ukweli ni picha.

Iko ukutani kwa Mama Nduku, jirani yetu, ambaye huwa naenda kwake kuchukua maziwa. Ni picha ya Nduku, kifungua mimba wake, aliyeingia jeshini mimi nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Kofia imelala upande, mabega yamenyooka, mdomo umefungwa kabisa. Nimekuwa nikiitazama miaka yote hiyo nikisubiri chupa ijazwe. Sikutamani bunduki wala kofia. Nilitamani ule mdomo uliofungwa. Nilijiambia, hapo ndipo mahali ambapo hakuna atakayeniambia, "Cheka kidogo basi."

Mtu wa mbali hatanielewa, kwa hivyo nieleze. Sisi tunaokunywa maji ya kisima kirefu cha huku, meno yetu hubadilika rangi tukiwa wadogo. Wanasema ni madini ya ardhini. Wengine hupata madoa tu, wengine hupata rangi ya chai. Mimi nilipata chai ya rangi, isiyo na maziwa. Nikiwa nyumbani sikujua kama ni shida. Nilijua kidato cha kwanza, siku ya kwanza bwenini, msichana mmoja aliponiuliza mbele ya wengine kama kwetu hakuna mswaki. Toka siku hiyo nacheka na mkono mdomoni. Nikisahau mkono, sicheki.

Shuleni nikawa mpiga picha. Mtu akisema tupige picha, mimi nawahi simu. Watu walidhani napenda kazi hiyo. Juzi nimepitia picha zote za siku yetu ya mwisho, alizoweka Mumbua, niliyekaa naye dawati moja miaka minne. Wamekumbatiana, wamerusha sweta juu, wanalia na kucheka. Mimi niko kwenye moja tu. Ni kivuli changu, kimeanguka kwenye nyasi mbele ya miguu yao.

Mumbua sasa yuko chuoni Nairobi. Mwanzoni nilikuwa namjibu ujumbe mrefu, yeye naye ananijibu mrefu. Siku hizi namtumia kidole gumba, naye ananirudishia kidole gumba. Urafiki wetu umebaki vidole viwili.

Hapa nyumbani tuko wawili. Mama alifariki nikiwa darasa la nne. Baba anachunga ng'ombe wa watu mchana, jioni anapika, kwa sababu hapendi nipike, anasema mimi nisome. Nimemaliza shule na bado anasema nisome. Huniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake, Mwikali. Nje ya hilo haongei sana. Tunakula tukiitazama redio.

Sasa nifike kwenye upuuzi wangu.

Wiki mbili zilizopita, wavulana wa mnadani waliniambia jeshi halichukui mtu wa meno ya rangi. Walisema kwa uhakika wa watu waliokwishakuwa majenerali. Walisema jino moja jeusi likionekana, unarudishwa hapo hapo. Nilirudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo. Mengi yangu ni ya kahawia, ila moja la juu, karibu na chonge, ndilo lililokuwa jeusi kuliko yote. Nikafikiri, nikitoa hilo moja, hayo mengine yataonekana afadhali. Nikaenda mjini, nyuma ya soko, kwa kijana mwenye koleo na sindano ya ganzi. Hakuniuliza swali hata moja. Nilirudi na pamba mdomoni, nikajiona mjanja.

Akili nyingi huondoa maarifa. Msemo huo nimeuandika kwenye insha mara nyingi na kupewa alama.

Leo Nduku yuko nyumbani, amekuja likizo. Sikuwa nimewahi kuzungumza naye tangu nikue. Nilipoenda kuchukua maziwa nikamkuta uani, amejifunga leso juu ya suruali ya michezo, anapepeta maharagwe. Sikumtambua hadi aliponyoosha mabega.

"Wewe ndiye yule wa kukimbia?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Mama ameniambia. Kuja ukae unisaidie na haya. Tangu nifike sijapata mtu wa kuongea na yeye."

Nikakaa. Nilikuwa nimebeba swali moja kwa miaka, likatoka vibaya.

"Ni kweli huko hakuna mtu anakusumbua? Kila mtu ananyamaza na kazi yake?"

Nduku alicheka mpaka ungo ukatikisika na maharagwe yakamwagika. Alicheka mdomo wote wazi, na hapo ndipo nilipoyaona. Ya kahawia. Mengine meusi pembeni, kama yangu. Sijui kwa nini sikuwahi kufikiri hivyo. Amekunywa maji yale yale.

"Nani alikudanganya?" akasema. "Huko hakuna kunyamaza. Asubuhi mnapiga kelele, mchana mnapiga kelele, usiku kwa bweni wasichana wanacheka mpaka afande anakuja kugonga mlango. Mimi nikikuja likizo silali. Hii nyumba imenyamaza sana. Wenye nilisoma na wao wameolewa, wakiniona wananisalimia kama chifu."

Aliposema hivyo sauti yake ilishuka kidogo, akaokota maharagwe moja moja. Nilimwonea huruma, jambo ambalo sikutarajia kumwonea askari.

"Na ile picha?" nikamuuliza. "Umefunga mdomo."

"Hiyo? Nilikuwa naficha haya," akasema, akagonga meno yake kwa kucha. "Nilikuwa kurutu. Siku hizi siwezi, nimechoka kuficha."

"Na siku ya kuandikwa hawakusema kitu juu ya rangi?"

"Rangi ni ya nini? Daktari alishika tochi, akaniambia fungua, akahesabu. Anataka kuona kama yote yako mahali pake, basi. Wacha nikuonyeshe vile anafanyanga. Fungua."

Mtu wa mwisho kuangalia ndani ya mdomo wangu alikuwa na koleo. Kabla yake hakuna. Lakini mwanamke huyu alikuwa na meno yangu, amekaa mbele yangu na simu yake imewashwa taa, na mara hiyo moja sikuona haya. Nikafungua.

Akaanza kuhesabu kwa Kikamba, akiigiza sauti nzito ya kiume. Halafu akasogeza taa karibu.

"Hili lilienda wapi?"

"Lilikuwa linauma."

Akanitazama tu. "Mwikali."

"Lilikuwa jeusi," nikasema.

Hakucheka, wala hakunikaripia. Alizima taa ya simu, akaiweka chini karibu na ungo. Mbuzi wao alikuja akala maharagwe mawili na hakuna aliyemfukuza.

"Sitakudanganya," akasema baadaye. "Kuna wenye waliingia na pengo. Kuna wenye walirudishwa. Inategemea ni nani ameshika tochi hiyo siku."

Kisha akasema kesho kabla ya kanisa atakuja kunigongea dirisha tukimbie pamoja, lakini nijue yeye hakimbii kimya, hukimbia akiimba, na mimi nitaitikia.

Nilirudi nyumbani na maziwa mkononi, nikajikuta nimesimama njiani bila sababu. Miaka yote nimelitaka jeshi ili nipate mahali pa kufunga mdomo. Leo nimejua jeshi ni bweni lenye wasichana wanaocheka mpaka mlango unagongwa. Na sasa ndio nalitaka kweli. Nataka kulala mahali penye kelele. Nataka mtu aniambie ninyamaze, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Tena nimelijua hili wakati nimekwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, kulipa mtu ang'oe nafasi yangu kwa koleo.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nililia kidogo pale njiani. Hakukuwa na mtu.

Jioni baba amepika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe. Sasa hapa lazima mjue jambo moja kuhusu baba. Baba hapendi muthokoi ulioiva sana. Anataka mahindi yabaki na ugumu wake, yatafunike. Muthokoi mlaini, yeye husema, ni wa wazee waliomaliza meno. Nimekula muthokoi mgumu tangu mama afariki, na taya zangu ni za mtu aliyekulia kwa baba yangu.

Leo nilipotia kijiko cha kwanza mdomoni, ukayeyuka. Ndipo nikakumbuka kwamba hata wa juzi uliyeyuka. Na wa wiki iliyopita. Nilikuwa nimedhani labda anazeeka, anasahau sufuria motoni. Nikaangalia kuni zilizobaki, mbichi, zinatoa povu kwenye ncha. Kuivisha muthokoi namna hii kwa kuni kama hizi, mtu anaketi hapa akipuliza tangu anaporudi na ng'ombe hadi giza linapoingia.

Wiki mbili nimekuwa nikitafuna upande mmoja, mkono mdomoni, nikidhani hakuna anayeniona.

"Baba," nikamwambia, "mbona siku hizi muthokoi unaiva hivi?"

Hakuinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi.

"Kuni ni kavu, mwaitu."

Nilicheka. Sikujua kama nacheka ama nalia, lakini mkono ulikuwa umeshika kijiko na mwingine sahani, kwa hivyo mdomo ulibaki wazi, pengo na yote. Akaniangalia. Aliliangalia pengo kwa muda, kama anayeangalia ng'ombe aliyerudi na kidonda. Kisha akacheka naye, cheko fupi la mtu asiyezoea, na nikaona meno ya baba yangu. Miaka yote hii, na ni haya haya yangu.

Sasa namsikia huko nje anawasemesha mbuzi. Huwa anawasemesha kuliko anavyonisemesha mimi, nami sijawahi kumuuliza anawaambia nini.

Alhamisi nitaenda uwanjani. Nitakimbia peku na wengine, nitapimwa, nitasimama kwenye mstari, na nikiambiwa fungua, nitafungua mdomo wote. Hilo nimeamua na sitalibadilisha. Atakayeshika tochi na aone atakachoona.

Nilitaka kumalizia kwa kuomba dua, nimekwama. Nikirudishwa, nitarudi kwenye nyumba hii iliyonyamaza. Nikichukuliwa, nitalala kwenye kelele nilizozitamani, na baba atarudi na ng'ombe jioni, awashe moto, apike muthokoi mgumu wa mtu mmoja.

Ndiyo kwanza leo ameanza kucheka. Nikienda, atacheka na nani?