Mume Wangu Anataka Gia za Mkono, Lakini Nimeuona Mguu Wake

Mama Jeanne, mshauri wetu mpendwa wa redio, naomba msaada wako, na naomba uharakishe, maana Jumatatu asubuhi muuza magari wa Lubumbashi atanipigia simu na mimi sijui nitamjibu nini. Mimi ni mama wa unga, nauza unga wa mahindi sokoni, nakaa Kapata hapa Kolwezi katika zile nyumba za zamani za kampuni ya migodi, na mume wangu, nitamwita Ruffin ingawa si jina lake, ni dereva wa semi, lori la trela, anamwendeshea patron mmoja, bosi wake, gari kuukuu la kubeba shaba kutoka mgodi wa Mashamba mpaka mpakani Kasumbalesa, na miaka yote hii ndoto yetu ni moja tu, kwamba siku moja tuwe na semi yetu wenyewe, mpya, si ile ya kununua imeshachokea Ulaya. Sasa Mungu ametusikia, akiba ya unga na ya mshahara wake na shamba la marehemu mama yangu kule Lubudi, vyote vimeingia humo, na gari linaagizwa kwa jina langu kwa sababu Ruffin hapatikani, leo yuko njiani, kesho yuko kwenye foleni.

Huyo muuzaji, kijana mwenye adabu anaitwa Antoine, aliniuliza maswali kama daktari: mtabeba nini, barabara gani, milima iko, matope yako, mnataka moteri ya nguvu kiasi gani, magurudumu mangapi yasukume, boîte ya gia iwe ya mkono au otomatiki. Nikamwambia ngoja nimuulize mwenye barabara. Ruffin alinijibu huku anakula: «Umuambie moteri ya nguvu kupita zote, boîte ya mukono, basi. Otomatiki ni ya bamama benye kuenda ku marché kununua mboga.» Dodo, dereva mwenzake aliyekuwa anakula nasi, alicheka mpaka tonge la bukari likamkwama kooni.

Mama Jeanne, ningemjibu Antoine hivyo hivyo na usingizi ningepata, lakini nimeona kitu. Msimu wa mvua uliopita Ruffin alikuwa anabadilisha gurudumu, jeki ikateleza, ikampiga goti la kushoto, akalifunga kitambaa, akapumzika kidogo, akarudi kazini akisema limepona. Juzi juzi patron alimtuma Lubudi kuleta mahindi, nami nikapanda naye kwa sababu magunia mengine yalikuwa yangu, na wakati wa kurudi, gari limejaa, tukaingia kwenye mteremko mrefu, mara nikasikia moteri imenyamaza na gari linakimbia lenyewe, ametoa gia kabisa, nikashika kiti nikaita jina la Yesu. Yeye akacheka: «Acha woga, mama. Tunachunga mazutu. Bashofere bote banafanyaka vile.» Na ni kweli wote wanafanya, wanasifiana kwa hilo, nani amefika bado ana dizeli nyingi kwenye tangi. Lakini mimi nilikuwa naangalia chini. Tulipofika bondeni ikabidi arudishe gia, basi akapitisha mkono wa kushoto chini ya paja, akauinua mguu wake kama mtu anayeinua gunia, akaubwaga juu ya klachi, na mkono wa kulia ulikuwa kwenye gia, kwa hiyo usukani haukuwa na mtu. Jasho lilikuwa linamtiririka, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

Haachi gari likimbie kwa ajili ya mazutu, mama. Anaacha kwa sababu mguu hauwezi tena kazi ya kubadilisha gia njia nzima. Na pale Kasumbalesa foleni inasogea kidogo kidogo mchana kutwa, kila kusogea ni klachi, na ukitoka kwenye mstari umepoteza nafasi yako, sijui anavumilia vipi.

Nilipomgusia, alikasirika: «Mguu iko muzima! Ukisema ile neno ku patron, kesho funguo iko ku mukono ya mwengine. Tutakula nini?» Sasa nimefikiria kumwambia Antoine kimya kimya alete otomatiki, Ruffin akute tu pedali mbili, bila klachi, siku gari litakapofika, lakini naogopa ataona nimemwita kilema mbele ya Dodo na madereva wote, anaweza hata kukataa kulipanda. Tena anasema otomatiki ni kompyuta, ikifa kwenye matope nani ataitengeneza. Nikiagiza ya mkono, naona kama nanunua jeneza lake kwa shamba la mama yangu. Nikipika unga unaungua. Mama Jeanne, niagize gari gani?

Mimi mama wa unga, Kapata.

MAMA JEANNE ANAJIBU

Mama wa unga, pole sana. Wasikilizaji, vitu viwili vitatu nimevibadilisha ili mtu huyu asitambulike, kwa hiyo msianze kuhesabu akina mama wa unga wa Kapata, hamtawamaliza. Na wewe mama, umeshalia vya kutosha, sasa nisikilize.

Nianze na gari, maana umeuliza gari. Mimi moteri naijua kwa kelele tu, kwa hiyo nilimpigia Tata Mukuna, fundi wa semi ambaye mikono yake haijawahi kuwa safi tangu nimfahamu. Anasema mumeo amekosea pa kwanza: msikimbilie namba kubwa ya nguvu za farasi. Mnayoitaka ni moteri yenye nguvu ya kuvuta ikiwa inazunguka polepole, maana mtatoka na mzigo mzito kwenye barabara za machimbo, hamtashindana na mtu. Magurudumu ya nyuma yote yasukume, na yaweze kufungwa pamoja yazunguke kwa mwendo mmoja, la sivyo mvua ya kwanza mtalala kwenye matope. Uwiano wa gia za ekseli ya nyuma uwe wa mlima, si wa mbio. Na breki ya moteri, ya kulishika gari mteremkoni, iwe ile yenye nguvu kuliko zote wanazouza, hapo usibanie hata kidogo.

Boîte? Otomatiki, mama. Siku hizi malori mengi mapya ya machimbo ni hayo hayo, na wanaume wenye ndevu wanayaendesha na hakuna anayewaita bamama. Lakini Ruffin naye ana haki yake kwenye swali la matengenezo: kabla ya kusaini, Antoine akuonyeshe nani wa hapa Kolwezi ana mashine ya kuipima na vipuri vyake. Asipoweza kukuonyesha mtu, tafuta muuzaji mwingine. Tena mwambie kama gari hilo lina tabia ya kujitoa gia lenyewe kwenye mteremko, waizime kabla halijafika. Dereva awe anaweza kushikilia gia ndogo kwa mkono na kushuka nayo.

Lakini usiagize kwa siri, ninakukataza! Mume si mtoto wa kununuliwa viatu akiwa shuleni. Ukimletea pedali mbili bila neno, atakuwa amekosa mguu na amekosa mke siku moja. Jumatatu mwambie Antoine asubiri. Muulize kama ana gari la otomatiki lililopakiwa mzigo, Ruffin aende akaliendeshe mwenyewe, mlimani na kwenye foleni, bila Dodo kukaa pembeni akichekacheka. Apande, aendeshe, ashuke, halafu muulize goti linasemaje. Na kabla ya hapo, daktari wa mifupa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kwenye barabara ile hakitamuumbua peke yake, kuna pikipiki mbele yake zenye watu watatu watatu.

Anauliza mtakula nini. Mwanamume ameoa mama wa unga, halafu anauliza watakula nini! Mtakula unga. Mtakula unga mpaka goti lipone, na kama haliponi mtaweka dereva mwingine kwenye gari lenu na yeye atakuwa patron anayejua kila ujanja wa madereva wake. Kuna watu wanaomwomba Mungu kwa magoti yote mawili na hawana hata hilo gari.

Sasa nikugombeze kwa kitu kimoja, na hiki ndicho kimenikosesha raha tangu nisome barua yako. Umejaza karatasi kwa hofu ya gari ambalo bado liko kiwandani. Hilo gari haliwezi kumuua mtu, halina hata matairi. Umeandika mwenyewe: leo yuko njiani, kesho yuko kwenye foleni. Yuko njiani na gari gani, mama? Na lile lenye pedali tatu. Unauliza uagize nini Jumatatu, na leo ni Jumamosi.

Kwa hiyo usisubiri kipindi kiishe. Mpigie mumeo. Usimwambie habari ya kompyuta wala ya farasi. Mwambie uliuona mkono wake ukiuinua mguu, na kwamba unaogopa.

Na kwa kuwa najua redio hii inasikilizwa sana kwenye kabini, naongea na wewe pia, dereva. Sisemi jina lako, sisemi rangi ya gari lako. Wewe uliyeinua mguu kwa mkono asubuhi hii. Mke wako ameshaona, na hajakucheka. Tafuta mahali pa wazi mbele yako kabla ya mteremko, simamisha gari, vuta breki, na simu ikiita, pokea.