Mashine Iliyomtetea Mama Riziki

Bweremana, Jumamosi. Mvua imeanza kabla sijaamka na bado haijachoka. Ziwa halionekani. Niko mezani na chai ya maziwa, lakini moyo wangu umebaki Bihambwe, kule juu kilimani, tangu juzi.

Nimeona jambo, na mimi si mtu wa kushangaa haraka.

Nianze na kesi yenyewe. Mteja wangu ni Papa Bauma, mkulima wa Bihambwe. Vita vilipomfukuza kwake alikimbilia huku kando ya ziwa na watoto wake, akakaa miaka. Aliporudi alimkuta mama mmoja analima shamba ambalo Papa Bauma aliachiwa na baba yake. Huyo ni Mama Riziki, mjane, naye alikimbia vita kutoka Kalembe. Alikuta shamba tupu, akaomba ruhusa kwa chifu wa kijiji, akapewa, akalima. Papa Bauma akataka atoke. Mama Riziki akasema hana pa kwenda. Njo vile, ndiyo hivyo, walifika mahakamani.

Papa Bauma alikuwa na wakili, Maître kama watu wa huku wanavyotuita, ambaye ni mimi. Mama Riziki hakuwa na mtu.

Niseme ukweli: hilo halikuninyima usingizi. Katika kazi yetu mara nyingi upande mmoja huja peke yake, husikia hukumu inasomwa kwa Kifaransa, kisha hurudi nyumbani kuuliza majirani kama ameshinda ao ameshindwa. Tumezoea.

Sasa, hii akili mnemba. Sisi mawakili wa huku tunaiita kwa Kifaransa tu, IA. Imeingia kazini kwetu bila kupiga hodi. Wenzangu wa Goma wanaandikia nayo barua, mikataba, hata hoja za kusoma mbele ya jaji. Mmoja wao alikemewa mbele ya watu kwa kutaja kifungu cha sheria ambacho hakipo. Mashine ilikuwa imekitunga. Kwa hiyo niliiogopa. Nilikuwa naitumia kunyoosha Kifaransa changu, basi.

Lakini jaji alikuwa ameamua kupanda mwenyewe Bihambwe, aone shamba na kuwasikiliza watu palepale. Nilitaka kujiandaa vizuri. Jumatatu mchana nikaandika kesi yote kwenye simu, bila majina: mzee mmoja, mjane mmoja. Nikaongeza niliyoyaona siku nilipotembelea shamba: mipaka, kijito, kahawa, nyumba ya matope, migomba. Kisha nikaiambia: sasa wewe ni wakili wa huyu mjane. Nishambulie.

Nilifikiri ni mchezo.

Ilianza na mambo niliyoyatarajia. Mjane alipewa ruhusa. Hakuingia kwa nguvu. Ametunza ardhi. Ikataja kifungu, nikafungua kitabu changu cha sheria, nikakuta kifungu hicho kinazungumza mambo mengine kabisa. Nikacheka peke yangu. Kumbe ni yuleyule mwongo wa Goma!

Halafu ikaja aya nyingine. Naiandika hapa kwa Kiswahili, kadiri ninavyoweza:

“Umeandika kwamba makaburi ya wazazi wa mteja wako yako katikati ya migomba, na kwamba ulipofika yalikuwa safi, hayana majani. Lakini mteja wako hakuwepo kwa miaka mingi. Ni nani aliyekuwa anayapalilia?”

Kicheko kikanikauka.

Nikarudi kwenye maneno yangu mwenyewe. Kweli, niliandika. Nilisimama pale, nikaona udongo umepaliliwa vizuri, nikaandika “makaburi safi” kama vile mtu anavyoandika “mti wa parachichi”. Macho yangu yalifika. Akili yangu ilikuwa imebaki kwenye mipaka.

Najua wanavyoeleza. Wanasema haina roho, inapanga neno baada ya neno kwa kufuata yale iliyolishwa. Inawezekana. Lakini mimi niliyezaliwa kwenye vilima hivi, niliyemzika baba yangu nyuma ya nyumba ambamo siku hizi analala mtu mwingine, sikuuliza swali hilo. Kitu kisichokuwa na kaburi la mtu yeyote ndicho kilichouliza.



Nilikuwa na njia ya kunyamaza. Hakuna mtu ambaye angeuliza. Mama Riziki mwenyewe asingejua kwamba makaburi yale yangeweza kumsaidia. Kwa muda nilishika simu na kidole changu kikaelekea kufuta. Lakini mteja ana haki ya kujua linaloweza kusemwa juu yake, hata kama hakuna wa kulisema. Nikamwita Papa Bauma.

Alikuja Jumanne, kwa kuwa alikuwa bado na ndugu zake hapa Bweremana. Nikamsomea lile swali la mashine kwenye simu. Akavua kofia, akaiweka juu ya goti.

“Maître, mimi nilifikiriaka ni familia.”

“Familia gani, Papa?”

Akaigeuza ile kofia. “Njo vile. Hakuna mutu alibakia kule.”

Akaondoka bila kuniambia tufanye nini.

Alhamisi tukapanda kwa pikipiki, kupitia Sake, tukipandisha vile vilima vya malisho. Jaji alikuwa amefika, na karani wake, na chifu, na majirani wengi waliosimama kwa kuegemea majembe. Mama Riziki alisimama peke yake kando ya mahindi. Ni mwanamke mfupi, wa sauti ya chini. Alikuwa amevaa kitenge cha kwenda kanisani.

Jaji akauliza mambo ya mipaka. Chifu akajibu. Kisha jaji akasema kama kuna mwenye swali, aulize. Nikataka kuinuka, Papa Bauma akanishika mkono. Akasogea yeye mwenyewe.

“Mama, niko na swali moja tu. Yale makaburi ya baba na mama yangu, nani alikuwa anayalimia?”

Mama Riziki akamtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi.

“Ni mimi, Papa. Nani mwingine? Niko nakula mu shamba yenu. Ningeacha namna gani wenye shamba walale mu majani?”



Na hapa nikiri: hapohapo akili yangu ya kazi iliruka kama paka. Shamba yenu! Amesema mbele ya jaji kwamba shamba si lake! Swali ambalo mashine ililitunga ili limtetee lilikuwa limetoa jibu la kummaliza. Mashine haikuliona hilo. Wala mimi. Jaji akanigeukia, akingoja niombe karani aandike. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

“Ngoja, Maître,” Papa Bauma akasema bila kunitazama. Akamuuliza tena: “Na bwana yako, Mama, ulimuzika wapi?”

“Kalembe. Sijue sasa kama ile kaburi iko na majani, ao kama walijenga nyumba juu yake.”

Papa Bauma akakaa chini kwenye udongo. Mzee yule, mbele ya jaji, akakaa chini. Alipozungumza tena, alizungumza na jaji.

“Mimi sitaki tena huyu mama atoke.”

Tulibaki pale mpaka vivuli vikawa virefu. Walipatana hivi: shamba ni la ukoo wa Papa Bauma, na hilo limeandikwa. Sehemu ya juu, yenye kahawa, inarudi kwake. Sehemu ya chini, kando ya kijito, pamoja na nyumba, Mama Riziki atalima kwa ridhaa yao muda wote anaotaka, na hakuna wa kumfukuza. Hilo nalo limeandikwa. Niliomba karani alisome lote kwa Kiswahili, polepole, kabla ya mtu yeyote kutia alama ya kidole. Sijawahi kuomba hivyo hapo awali.

Si wote waliofurahi. Mtoto mkubwa wa Papa Bauma aliondoka bila kumuaga baba yake. Sijui watazungumza nini nyumbani.

Nilikuwa navaa koti la mvua Mama Riziki aliponifikia. Alikuwa na kuku kwapani, amemfunga miguu.

“Maître, Papa Bauma anasema kuko mutu alinitetea mu simu yako.”

“Si mutu, Mama. Ni mashine.”

“Alikuwa ananijua?”

“Hapana. Sikuiambia hata jina lako.”

Akafikiri. Nikaona inamshinda, kama ilivyonishinda mimi.

“Hakujua hata jina yangu, na akanitetea,” akasema. “Basi umupatie hii kuku. Umwambie Mama Riziki anashukuru sana.”

Nilikataa. Nikamweleza kwamba haili, haina nyumba, haina mdomo. Akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akaniwekea kuku mikononi.

Kwa hiyo kuku amesafiri nami kwenye pikipiki, akapita matope yote hadi huku ziwani. Sasa yuko chini ya meza hii, miguu nimeshamfungua, anadonoa kitambaa cha kiti. Jana nilinoa kisu, nikakirudisha. Si wangu. Nikimla, nitakuwa nimekula ujira wa mtu mwingine, tena wakili wa upande uliokuwa unapingana nami.

Mchana huu nimefanya jambo ambalo wenzangu wa Goma watanicheka wakilisoma. Nimewasha simu, nimefungua ukurasa mpya wa mazungumzo, nimeandika ujumbe kama nilivyotumwa, neno kwa neno: “Mama Riziki anashukuru sana.”

Imejibu papo hapo, kwa Kiswahili safi na adabu nyingi. Imesema inafurahi kusikia hivyo, lakini haimjui Mama Riziki. Ikaomba niieleze yeye ni nani.

Nimekaa na simu mkononi mpaka kioo kimezimika chenyewe.

Nimjibu nini wakili huyu?